Kupiga picha ndondo, mbio na ngalawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayepiga picha za michezo kwa mapenzi, kuanzia ndondo (mpira wa mtaani) hadi mbio na ngalawa, jioni baada ya kazi na wikiendi, hasa Dar es Salaam na mwambao. Harusi na studio hazimo. Saa zote hapa ni za Kiswahili.

Mechi inaanza saa kumi na nusu. Nifike saa ngapi?

Saa tisa na nusu. Mnapoanza kuchoka kusubiri ndipo picha nzuri zinapopatikana: wachezaji wanagombea jezi namba 10, mtu anachora mstari kwa chokaa au majivu, wengine wanafunga wavu kwa kamba za manila. Pia utaonana na kocha au kiongozi wa timu kabla hajaanza kupiga kelele. Ukimwambia mapema kwamba unapiga picha na atazipata, dakika 90 zijazo hakuna atakayekuuliza "wewe ni nani na unampigia nani?"

Jambo la pili ni mwanga. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi, na likishazama, giza la kutouona mpira huja ndani ya dakika ishirini hivi. Mechi ikichelewa nusu saa, na huchelewa, kipindi cha pili utakipiga kwenye mwanga unaokufa. Picha zako kali zipate kipindi cha kwanza.

Kamera gani inatosha? Na simu?

Kamera yoyote ya kubadilisha lenzi iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita inatosha. Kinachobana watu ni lenzi. Ile 18-55 inayokuja na kamera ni fupi mno kwa mpira (namba hizi ni urefu wa lenzi kwa milimita; kubwa huvuta mbali zaidi). Tafuta 55-250, 70-300 au 55-200 iliyotumika, yenye kituliza mtikisiko.

Kuna hesabu ndogo ya kubeba kichwani. Kwa kamera ya kihisi kidogo (APS-C), ambayo ndiyo wengi wanayo, gawanya urefu wa lenzi kwa 10. Jibu ni umbali wa mita ambapo mchezaji aliyesimama anajaza picha ya wima. Lenzi ya 300 inamjaza akiwa mita 30, ya 200 mita 20, ya 50 mita 5. Akiwa mbali mara mbili ya hapo utabaki na nusu ya picha, na ukikata kompyutani utapoteza robo tatu ya ubora wote. Kwa hiyo usihangaike na mpira ulioko upande wa pili wa uwanja. Angalia mashabiki, mpira utarudi.

Simu inatosha kwa mashabiki, benchi, mazoezi, mstari wa kuanzia mbio na watoto waliopanda juu ya ukuta. Kwa mchezaji anayekimbia mita 40 mbele yako haitoshi, na kwenye simu nyingi kuvuta kwa vidole ni kukata picha tu. Ukiwa na simu, sogea. Bonyeza na ushikilie usoni mwa unayempiga hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha tumia upigaji mfululizo. Na futa kioo cha lenzi. Nusu ya picha za simu zenye ukungu ni mafuta ya vidole.

Nisimame wapi?

Swali hili lina uzito kuliko la kamera.

Jioni jua liko magharibi, likielekea kaskazini kidogo mwezi wa sita na kusini kidogo mwezi wa kumi na mbili. Simama upande wa magharibi, jua likiwa begani kwako, nyuso zipate mwanga. Kisha nenda pembeni, nyuma ya mstari wa goli, kati ya kibendera cha kona na nguzo, hatua nne au tano kutoka mstarini. Ukikaa hapo mshambuliaji anakuja akikutazama. Ukikaa katikati ya uwanja utapata migongo na mbavu.

Kaa chini. Ndoo iliyogeuzwa, kiti cha plastiki cha kuazima au goti moja ardhini, ilimradi lenzi iwe usawa wa kiuno cha mchezaji. Akipigwa kutoka chini anaonekana mrefu, mpira unaonekana uko hewani, na nyuma yake panakuwa anga au miti badala ya matairi ya bodaboda. Angalia nyuma kabla ya kuketi: ukuta wa kibanda cha huduma za fedha wenye rangi kali utaharibu kila picha. Kusogea mita tatu mara nyingi kunatosha kuuficha.

Timu zinabadilishana magoli mapumziko. Ukiwa unapiga timu moja, hama nayo, lakini kumbuka goli jipya linaweza kukupa jua usoni. Hapo una uamuzi: kubaki na mwanga au kufuata timu. Tunabaki na mwanga.

Uwanja wa vumbi una zawadi moja ambayo nyasi hazina. Saa kumi na moja na nusu, hamia upande wa mashariki ulitazame jua, na usubiri watu wawili wagombanie mpira. Vumbi likipanda linawaka kama moshi wa dhahabu, na wachezaji wanabaki vivuli vyenye ukingo wa mwanga. Kinga lenzi kwa kiganja ili jua lisiingie moja kwa moja.

Usisimame nyuma ya wavu uliochanika. Beki wa mchangani akiamua kuondoa hatari, anaiondoa pamoja na kamera yako.

Nipange kamera vipi?

Kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera linakuwa wazi, kwanza, mengine yafuate. Mkimbiaji wa kilomita 20 kwa saa anasogea mita 5.6 kila sekunde. Kwa 1/250 ya sekunde mwili wake unakuwa umesogea zaidi ya sentimita mbili shata ikiwa wazi, na mguu unaorushwa mbele huenda karibu mara mbili ya mwili. Ndiyo maana uso unatoka safi na kiatu kinatoka ukungu. Kwa mpira anza 1/1000. Kwa mbio za mtaani 1/640 inatosha.

Tundu la lenzi liache wazi kadiri linavyokwenda, f/5.6 kwa lenzi nyingi za bei nafuu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, iweke yenyewe ijipange, na kikomo 6400. Watu wanaogopa ISO kubwa bila sababu: chengachenga zinapunguzika kompyutani, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

Fokasi iwe ya kufuatilia. Kwenye Nikon na Sony imeandikwa AF-C, kwenye Canon AI Servo au Servo. Tumia nukta moja ya katikati au kundi dogo la nukta. Ukiiachia kamera uwanja mzima, itashika shabiki mwenye shati jekundu. Weka nukta kifuani, anza kumfuata mchezaji sekunde moja kabla ya kupiga, kisha achia picha tatu hadi tano tu. Ukishikilia kitufe sekunde tano, kamera hujaa na kugoma, na goli hufungwa wakati huo huo.

RAW au JPG? RAW ni faili ghafi lisilobanwa na kamera, JPG ni lililokwisha kubanwa. RAW ya megapikseli 24 hula megabaiti 25 hadi 30 kwa picha, JPG bora hula takriban 10. Kwa mechi yenye picha 800, JPG inatosha kama mwanga umeupanga vizuri. Machweo na jioni yenye taa, tumia RAW.

Kwa nini nyuso zinatoka nyeusi tii?

Kamera hupima wastani wa eneo zima. Anga jeupe la saa tisa likichukua nusu ya fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi na inapunguza, uso unazama. Jezi nyeupe hufanya hivyo hivyo. Ongeza mwanga kwa kitufe cha +/-, ambako hatua moja ni mwanga mara mbili: +2/3 kwa ngozi yetu kwenye anga wazi, +1 hadi +1 1/3 jua likiwa nyuma ya mtu. Anga litaungua kidogo. Liungue, hakuna aliyekuja kuliona.

Kinyume chake pia hutokea: mchezaji mwenye jezi nyeusi mbele ya miti yenye kivuli, kamera inaongeza mno na uso unang'aa kama umepakwa mafuta. Hapo shuka -2/3.

Njia tulivu zaidi: pima mwanga mara moja kwenye kiganja chako kilicho kwenye mwanga ule ule wa uwanjani, ongeza hatua moja, kisha funga vipimo kwa mkono. Rudia kila dakika 15 baada ya saa kumi na moja, kwa sababu mwanga unashuka na wewe huoni. Macho yanazoea, kamera haizoei.

Bonanza la usiku chini ya taa: picha moja njano, inayofuata bluu. Kamera mbovu?

Si mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Ukipiga 1/1000 unakata kipande kidogo cha mzunguko huo, kila picha inaangukia sehemu yake. Kama kamera ina kizuia kumeta (anti-flicker), kiwashe. Kama haina, shuka hadi 1/100, piga wachezaji wakati wa kutulia: penalti, mpira wa adhabu, kushangilia, kipa kabla ya kuruka. Lenzi ya 50 f/1.8 ya bei nafuu itakusaidia hapa kuliko lenzi ndefu.

Mbio za barabarani nazipigaje?

Chagua sehemu mbili tu, usijaribu kuzunguka njia nzima. Ya kwanza iwe mita 200 hadi 400 baada ya kuanza, watu wakiwa bado kundi zito. Ya pili iwe kona ya ndani au mlima mfupi, ambako mwendo unapungua na sura zinasema ukweli. Mstari wa kumalizia huwa umejaa, na kila mkimbiaji anatazama saa yake ya mkononi.

Kilimanjaro Marathon huanza na kumalizika uwanja wa Ushirika, Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ukitaka mlima nyuma ya wakimbiaji, uwe umesimama tayari kunapokucha; kilele cha Kibo huonekana zaidi asubuhi, jua likipanda mawingu hufunga. Tumia f/8, maana kwa f/4 mlima unageuka doa jeupe ambalo ndugu yako wa mjini atakuuliza ni nini.

Picha ya kufuatisha, ile ambayo mwendesha baiskeli ni safi na barabara imekuwa mistari, inataka 1/30 hadi 1/60. Simama sambamba na barabara, miguu ielekee pale utakapopiga, zungusha kiuno kumfuata tangu mbali, bonyeza bila kusimama, endelea kuzunguka baada ya shata. Makosa ni mawili: kusimamisha mikono unapobonyeza, na kuwa karibu mno. Kaa mita 8 hadi 15. Picha moja kati ya kumi ikitoka, siku imelipa.

Usivuke njia ya wakimbiaji, na usitumie flashi usoni mwa mtu aliye kilomita ya 35.

Na mashindano ya ngalawa?

Jua upepo kabla ya kujua kamera. Uliza manahodha boya la kugeuzia liko wapi, kwa sababu picha iko pale: tanga linapohamishwa, foromali (boriti inayobeba tanga) inapita juu ya vichwa, mabaharia wanakimbilia upande wa pili kukaa juu ya mirengu (mbao za pembeni za kuzuia ngalawa isipinduke) ili chombo kisilale. Ngalawa ikienda moja kwa moja na upepo nyuma ni kadi ya posta tu.

Ukiwa nchi kavu, lenzi ya 300 na ardhi iliyoinuka. Ukiwa ndani ya mashua ya kufuatilia, 1/1000 au zaidi kwa sababu mawimbi yanakutikisa wewe pia, na mwambie nahodha akae upande ambao tanga halifuniki watu. Tanga jeupe kwenye jua hudanganya kipimo cha mwanga kama jezi nyeupe, kwa hiyo +2/3 tena.

Lamu wakati wa Maulidi kuna mashindano ya mashua na mbio za punda mle mle gatini. Kwa punda, piga chini na karibu, kwa lenzi pana, na acha nafasi ya kukimbia: mshindi huwa hana breki.

Chumvi, mchanga na fangasi?

Usibadilishe lenzi ufukweni. Kama ni lazima, geuza mgongo kwa upepo, tazamisha mdomo wa kamera chini, maliza ndani ya sekunde tano. Ukirudi nyumbani futa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Chumvi ikikauka kwenye pete ya lenzi utaisikia inasaga. Mchanga upulizie kwa pampu ya mkono, kamwe si kwa mdomo. Mate yana unyevu, na kufuta kabla ya kupuliza ni kupiga msasa kioo.

Fangasi ndio muuaji wa lenzi za pwani. Inaonekana kama nyuzi za buibui ndani ya kioo ukimulika kwa tochi. Inapenda giza, joto na unyevu, yaani begi lililofungwa kabatini. Weka vifaa kwenye ndoo au kopo la plastiki lenye mfuniko usiopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika, vinavyonyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikilowa ikaushe. Mchele haufanyi kazi hiyo vizuri na unaacha vumbi. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30, la sivyo lenzi itajaa jasho.

Siku isiyo na mchezo nipige nini?

Watu wanaofanya kitu kwa mikono, kwa sababu ndiyo mazoezi ya michezo bila mwamuzi. Soko la samaki la Feri alfajiri: mnada, maji, magamba. Coco Beach inatazama mashariki, kwa hiyo ni ya macheo. Forodhani, Unguja, inatazama magharibi, na vijana wanaoruka baharini jioni ni shule kamili ya 1/1000. Jifungie lenzi moja na picha 36 tu kwa safari. Utaanza kusubiri badala ya kubonyeza.

Tunatoka kundi la marafiki, kila mtu anarudi na picha ile ile. Tufanyeje?

Wanne hadi sita wanatosha. Kumi ni maandamano. Gawaneni: mmoja goli la kaskazini, mmoja goli la kusini, mmoja mashabiki na benchi, mmoja asiye na lenzi ndefu apige vitu, yaani viatu vilivyoshonwa, ubao wa matokeo, chungwa lililokatwa la mapumziko. Badilishaneni mechi ijayo.

Kabla ya kuanza, kila mtu apige picha ya saa ya simu ile ile. Saa za kamera hupishana kwa dakika kadhaa, nyingine bado ziko mwaka 2015, na mkichanganya mafaili goli litaonekana limefungwa kabla ya pasi. Kwa picha ile mnajua tofauti na programu ya kuhariri inasahihisha kundi zima.

Rafiki mchoraji au mwandishi wa mashairi mchukueni. Yeye haangalii mpira, na atakuonesha bibi anayeuza karanga ambaye wewe umempita mara tatu.

Rafiki anataka kuchora kwenye picha yangu na kuuza fulana. Nani mwenyewe?

Picha uliyojipigia ni yako, mchoro ni wake, na fulana ni makubaliano. Andikianeni hata kwa ujumbe mfupi: picha ipi, fulana ngapi, mgawo gani, majina yakae wapi. Picha ya kuagizwa ina mambo yake. Kenya, kwa mfano, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza kama hamkukubaliana vingine. Na sura iliyo kwenye fulana ni ya mtu, muulize naye.

Nahitaji ruhusa?

Mechi ya mtaani: kiongozi wa timu au mwandaaji, na salamu. Watoto: mzazi au kocha, usiweke jina la mtoto na shule yake pamoja na sura yake mtandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019; sura ya mtu anayetambulika si kitu cha kuchezea. Mtu akisema futa, futa mbele yake. Usielekeze lenzi kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi na Ikulu, hata kama mbio zinapita hapo. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania, na kuirusha juu ya umati ni kutafuta kesi.

Nimenunua memori kadi ya gigabaiti 256 kwa bei ya chee. Picha za mwisho hazifunguki.

Ni bandia. Kadi ya 16 imeandikwa 256, na ikishajaa inaandika juu ya nyingine au hewani. Kabla ya kuitumia, ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux: zinaijaza yote, zinasoma tena, zinakuambia ukubwa halisi. Kadi mbili za 64 ni salama kuliko moja ya 256. Usifute kadi hadi picha ziwe sehemu mbili.

Nizichague na kuzituma vipi?

Pita ya kwanza ni ya kutupa: zisizo na fokasi machoni, zisizo na mpira wala uso. Kata kutoka 800 hadi 80 bila huruma. Pita ya pili lala kwanza, kesho bakiza 20. Picha tano zinazofanana za mpira mmoja wa kichwa, chagua moja.

WhatsApp inabana picha hadi nyasi zinakuwa uji. Zitume kama hati, au zipunguze mwenyewe hadi pikseli 2048 upande mrefu kisha utume kwa ubora wa HD. Instagram 1080 kwa upana. Wachezaji wapelekee ndani ya saa 24, wakati mjadala wa goli la kuotea bado haujapoa. Usimsahau kipa aliyefungwa manne. Mpe ile aliyookoa.